Zamu ya Yeshihareg

Siku Asnake alipoingia kwenye kikao cha kina mama na kusema amekuja kuchukua Kikombe, Belaynesh alicheka mpaka tela ikamtokea puani. Tela ni pombe ya shayiri, na ikipitia puani inawasha, kwa hiyo alicheka na kulia kwa pamoja huku wenzake wakimpiga mgongoni.

Huwezi kuwalaumu. Tangu kijiji cha Amba Kidan kiwe Amba Kidan, hakuna mwanamume aliyewahi kukichukua Kikombe hicho. Chenyewe si kikubwa wala si cha dhahabu. Ni cha udongo, kimefungwa kitambaa cheupe, na kila tarehe ishirini na moja ya mwezi, siku ya Bikira Mariamu, kinahama nyumba. Wanawake kumi na wawili wanapokezana. Anayekipokea anakaa nacho mwezi mzima, kisha anaoka mkate, anapika tela, anawaalika wenzake pamoja na padri. Wanakula, wanaombeana, halafu Kikombe kinakwenda kwa mwingine. Kila mmoja ana mwezi wake. Mwezi wa Tikimt, wakati mvua zimekwisha na shayiri inaanza kugeuka rangi mlimani, ulikuwa wa Yeshihareg, mke wa Asnake.

Tatizo ni kwamba Yeshihareg hakuwepo. Alikuwa Uarabuni, mwaka wa tatu huo, akifua na kupika kwenye nyumba ya watu. Miaka miwili mama yake alimshikia zamu. Lakini mama yake walimzika baada ya Pasaka, na sheria ya chama ilikuwa moja tu, ngumu kama jiwe la kusagia: zamu ikipita bila nyumba kufunguliwa, jina linatoka na nafasi anapewa mwingine. Mwingine huyo alishajulikana. Alikuwa Fikirte, wifi yake Belaynesh, ambaye amengoja miaka minne, na siku hiyo alikuwa amekaa karibu na mlango akiwa amevaa shuka jipya, kama bibi harusi aliyewahi.

Mkuu wa chama huitwa Musa, awe mwanamume au mwanamke, kwa sababu kazi yake ni kuwavusha watu. Musa wa kina mama hawa alikuwa Mintiwab, aliyeitwa Etiye kwa heshima ya umri wake, ajuza wa miaka sabini, mfupi, mwenye sauti inayokwaruza. Aliwaacha wacheke hadi washibe, ndipo akamgeukia Asnake.

"Nyumba yako haina mwanamke, mwanangu. Kikombe cha Mariamu kitalala na nani?"

"Na mimi, na Mastewal," akasema Asnake. Mastewal ni binti yake, miaka sita. "Na Mariamu mwenyewe, etiye, si alikaa kwa Yosefu? Ile njia ya kwenda Misri, moto alikuwa anawasha nani? Punda?"

Wakacheka tena, ila safari hii walicheka upande wake. Abba Wolde-Senbet, padri wao, akajifanya ana kikohozi. Fikirte hakucheka.

Etiye Mintiwab akangoja tena. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda cha mwenzake, kwamba hakuna anayemwombea Yeshihareg mabaya. Lakini miezi kumi na minne simu haiiti. Kijiji cha jirani wamempokea binti wao ndani ya sanduku, na kingine hawakupokea hata sanduku. Chama ni cha watu wanaoonekana.

"Anarudi," akasema Asnake.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana inaitwa imani."

Jibu lilikuwa zuri, na kina mama wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Asnake peke yake ndiye aliyejua kwamba lilitoka mdomoni tu. Ulimi wake ulikuwa mwepesi tangu utotoni. Ulizoea kufika mahali ambapo moyo haujafika, kama mbwa anayemtangulia mwenyewe nyumbani.

Basi Musa akatoa hukumu. Achukue Kikombe. Mwezi ujao, tarehe ishirini na moja, waje kwake. Wakikuta mkate wa heshima, tela ya heshima na nyumba iliyofagiliwa, jina la Yeshihareg linabaki, na mumewe atamshikia zamu hadi atakaporudi. Wakikuta aibu, jina linatoka siku hiyohiyo, mbele ya padri, na asije mtu kulia.

Mwisho wa kikao wakaita majina, kama desturi. Kila anayeitwa hujibu "nipo". Lilipofika la Yeshihareg, Asnake akajibu "yupo", kwa sauti ya fahali, na Belaynesh akarudisha tela puani.

*

Wanaume wa Amba Kidan wana huruma nyingi, lakini hawaitoi bila kuichanganya na upupu. Asnake akipita na dumu la maji begani, wanamuuliza mahari yake ngapi. Akiwa anachambua shayiri mlangoni, wanamuuliza kama mumewe ni mkali. Jirani yake Yimer alipomwona anatoa shayiri kwenye gunia la mbegu, gunia pekee lililobaki baada ya mvua ya mawe kulilaza shamba lake lote, alisimama akashika kiuno.

"Sasa utapanda nini msimu ujao? Povu?"

"Nitapanda wewe," akasema Asnake. "Labda utaota na akili."

Lakini Yimer alipoondoka, Asnake aliliangalia lile gunia lililolegea kwa muda mrefu.

Kikombe alikiweka kwenye kibao cha ukutani, juu ya kitanda. Mastewal alikatazwa kukigusa, kwa hiyo alikaa chini yake akikiangalia kutwa, kama paka anavyoangalia nyama iliyoanikwa. Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipoondoka. Sasa alikuwa ameanza kumuuliza baba yake maswali ambayo ulimi mwepesi haufui dafu mbele yake.

"Mama yukoje?"

"Mrefu. Anacheka vizuri."

"Kama Belaynesh?"

"Mungu apishe mbali."

"Sasa yukoje?"

Asnake alimwonyesha picha kwenye simu, ile ya mwisho, Yeshihareg akiwa na kitambaa cheusi kichwani, nyuma yake pazia la nyumba ya watu. Mtoto akaitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Naye Asnake akaona kwamba picha haisemi kitu. Alitaka kumwambia binti yake jinsi mama yake anavyoimba kwa mdomo uliofungwa akisonga unga, jinsi anavyoingia nyumbani na baridi ya mlima kwenye shuka lake, na kila alipoanza alikuta maneno yamekwisha njiani.

Ile simu aliipiga kila siku. Aliyepokea ni yule dada mwenye sauti laini anayesema namba unayopiga haipatikani. Asnake alishazungumza naye kuliko mwanamke yeyote Amba Kidan. Wakati mwingine alimjibu: "Haya dada, ukimwona mwambie."

Jioni alipanda kanisani. Huko watu wanaojiona hawako tayari kuingia ndani hawaingii. Wanabusu nguzo ya lango, wanaomba wakiwa nje, wanaondoka. Hakuna anayewahoji. Asnake alikuwa mtu wa langoni kwa miezi kumi na minne. Kabla ya safari Yeshihareg alikuwa ameweka nadhiri: akirudi salama, atalipelekea kanisa la Mariamu mwavuli wa ibada, wa bluu, wenye nyuzi za dhahabu. Asnake alisimama langoni akalumbana na mbingu kuhusu mwavuli huo.

"Mwavuli upo," alimwambia Mama wa Mungu. "Ni mzuri, utaupenda. Lakini nani ataubeba? Mlete mbebaji." Na alipokosa jibu alimpita Mama akamwendea Mwanawe moja kwa moja. "Wewe uliwahi kukimbizwa hadi nchi ya watu. Unajua kulala kwa watu. Sasa mbona humjui mke wangu?"

Aliona haya kwa kusema hivyo, akabusu nguzo mara ya pili kuomba msamaha, akashuka. Hakuwa ameacha kuamini. Hali yake ilikuwa kama ya mtu anayezungumza na mlango uliofungwa: anajua kuna mtu ndani, maana moshi unatoka darini, na hilo ndilo linalouma zaidi.

*

Tela hakufundishwa na mtu. Aliona aibu kuuliza, na kina mama waliona utamu kumwacha. Ikabidi amkumbuke Yeshihareg.

Alikaa mbele ya mtungi mtupu akafumba macho. Alianzia wapi? Aliinamisha mtungi juu ya moshi wa mzeituni mwitu, mdomo chini, mpaka tumbo lake likanuka moshi. Asnake akafanya hivyo. Kisha? Alitwanga majani machungu ya gesho, akayaloweka siku tatu. Halafu akakaanga shayiri. Hadi iwe na rangi gani? Hapo akakwama, akakumbuka mkono wake: alikuwa akichota punje, anauma moja, akisikia imelia vizuri anamtupia Asnake ya pili, naye anaidaka kwa mdomo. Wakati huo alidhani ni mchezo. Sasa akauma punje, akasikia, akajua ni hii. Akajikuta ameinua uso, mdomo wazi, akingoja ya pili.

Ndivyo alivyopika tela ile. Kila hatua alimkuta mke wake amesimama pale mbele kidogo, na kila alipofika, mke alikuwa ameshasogea. Siku nyingine aliacha kazi katikati akatoka nje kutazama mlima, kwa kuwa nyumba ilikuwa imemjaa Yeshihareg na hapakuwa na mahali pa kukaa.

Kwa upande wa mkate hakuwa na wasiwasi. Siku ile ya kikao, kwa Belaynesh, alikuwa ameuona kwa macho yake: mnene kama gurudumu, uso unang'aa siagi. Unga aliupata kwa kubadilishana na kondoo jike. Siagi hakuwa nayo.

Yaani, alikuwa nayo. Kwenye kona, nyuma ya magunia, kulikuwa na chungu kidogo kilichozibwa kwa ngozi. Wiki ile ya kuondoka, Yeshihareg aliyeyusha siagi yote ya ng'ombe wao, akaitia viungo vyake, kitunguu saumu, iliki, na yale majani ambayo hakutaka kumwambia mtu, akaziba. "Hii tutaifungua nikirudi," alisema. Siagi ya namna hiyo haiozi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi utamu. Miaka mitatu Asnake hakukigusa. Siku za njaa alikipita. Mastewal alipougua kifua na majirani wakasema siagi ya zamani ni dawa, alikwenda kuomba kwa watu.

Usiku wa kuamkia sikukuu hakulala vizuri. Asubuhi akakitoa chungu kwenye mwanga. Kama jina lake likifutwa leo, alijiambia, nitamfungulia nani? Akakata ngozi.

Harufu ilipotoka ikabidi akae chini.

Alikanda siagi ile kwenye unga, nyingine akaipaka juu. Hakuonja, maana mkate wa Kikombe hauonjwi kabla ya padri kuukata. Hata kidole alichopakaa alikifuta kwenye nywele za Mastewal. Alimeza mate tu, akijiambia kuwa saa tisa ya wageni si mbali.

*

Walikuja wote kumi na mmoja, pamoja na Abba, na Fikirte akiwa nyuma kama kivuli chenye matumaini. Walizikuta nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni. Etiye Mintiwab alipitisha kidole kwenye kibao cha ukutani akatafuta vumbi, akakosa. Akapewa tela. Akanywa, akatulia, akanywa tena, na kina mama wote walikuwa wanautazama uso wake kama watu wanaotazama mawingu.

"Hii," akasema, "imepikwa na mtu."

Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa. Asnake akauleta mkate juu ya ungo, amebeba kwa mikono miwili, na akaufunua.

Nyumba ikanyamaza.

Alidhani ni mshangao wa uzuri wake. Akatabasamu. Kisha akamwona Belaynesh amefunika mdomo, na bila kucheka.

"Asnake," akasema Belaynesh, "leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja. Siku ya Mariamu."

"Ya mwezi gani?"

Ndipo Abba Wolde-Senbet alipomweleza, akiwa ameinamisha macho kwa huruma. Tangu mwisho wa Meskerem, mwezi uliopita, mpaka tarehe tano ya Hidar, mwezi ujao, wakati maua yamejaa milimani, kuna mfungo wa kumkumbuka Mariamu akikimbia na Mtoto kwenda Misri. Kanisa halimlazimishi mtu. Anayetaka anafunga, na wanaume wengi hawataki. Lakini wanawake wa Kikombe hiki wanaufunga wote, tangu enzi za bibi zao: siku arobaini bila nyama, bila maziwa, bila siagi. Mkate wa Belaynesh aliouona mwezi uliopita uliokwa siku tano kabla ya mfungo kuanza.

Asnake alibaki ameshika ungo. Wanawake wa Amba Kidan wana mifungo mingi hivi kwamba mwanamume akishaijua Kwaresima, na Jumatano na Ijumaa, anajiona mtawa. Na sasa akakumbuka. Kila mwaka, majira haya ya maua ya njano, Yeshihareg alikuwa akimkaangia yeye mayai kwa siagi, anamwekea mbele, halafu anakwenda kukaa karibu na moto na shayiri yake kavu kiganjani, akitafuna. Miaka saba ya ndoa. Alikuwa akimuuliza, "Huli?" naye akisema, "Wewe kula." Hata siku moja hakuuliza kwa nini. Mke wake alikuwa akiisindikiza safari ya Mariamu kwenda ugenini, pale pale hatua mbili kutoka kwake, na yeye akichovya mkate wake wa injera.

Fikirte aliliweka sawa shuka lake. Wala hakufanya kwa ubaya. Mtu akingoja miaka minne mikono inajisogeza yenyewe. Etiye Mintiwab akaweka kikombe chake chini.

"Tulikubaliana, mwanangu," akasema.

"Tulikubaliana, etiye."

Hakuwa na utani wowote. Alitafuta mmoja, akakuta ghala tupu.

Ilikuwa hapo ambapo mwanamke mmoja mzee, aliyekaa mwisho kabisa na ambaye huwa hasemi, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena.

"Hii siagi ni ya Yeshihareg," akasema.

Wote wakainua nyuso. Siagi ya kila mwanamke ina mkono wake, na hawa walikuwa wamekula kwake miaka na miaka. Belaynesh akasogea, akainamia mkate, akafumba macho. Mwingine naye akasogea. Hakuna aliyeugusa. Walikaa wameuzunguka ule mkate wasioweza kuula, wakiunusa, na mmoja akasema anasikia lile jani ambalo Yeshi alikataa kuwaambia, na mwingine akasema, mchoyo yule, na akaanza kulia.

Asnake akawaambia kuhusu chungu. Alisema kwa maneno machache, bila kupamba. Kwamba ilikuwa ya siku ya kurudi. Kwamba ameifungua ili jina lisifutwe.

"Kwa hiyo umefungua siagi ya kurudi kabla hajarudi," akasema Etiye Mintiwab.

"Ndiyo."

"Ulikata tamaa?"

Aliangalia Kikombe kwenye kibao. Angeweza kusema lile neno la imani tena, lilikuwa bado zuri. "Sijui, etiye," akasema. "Kila siku nasimama langoni nagombana. Sijui hiyo inaitwaje. Lakini siendi kugombana kwa mwingine."

Etiye Mintiwab akageukia magunia ya kwenye kona.

"Unga umebaki?"

"Wa shayiri. Kidogo."

"Mnakula nini humu siku zote, wewe na mtoto?"

Akaona haya. Injera ilikuwa imemshinda kabisa, ikimtokea kama kiraka cha godoro. Walikuwa wanakula kita, mkate mwembamba wa unga na maji na chumvi, usio na hamira, unaotupwa kikaangoni na kugeuzwa. Chakula cha wachungaji na cha watu walioachwa.

"Tupikie hiyo," akasema Etiye Mintiwab. "Watu wa safari hawangoji unga uumuke. Mimi ndiye Musa, au siye?"

Basi mwanamume akachuchumaa mbele ya wanawake kumi na wawili, akakoroga, akatupa, akageuza. Sasa waliufungulia utani wote waliokuwa wameuzuia. Belaynesh alisema amegeuza kama anayemgeuza mgonjwa. Mwingine akauliza kama upande mweusi ndio wa mbele. Naye akaanza kuwajibu, mmoja mmoja, moshi ukimliza macho, na ilikuwa nafuu kwamba kulikuwa na moshi. Fikirte ndiye aliyeinuka bila kuambiwa, akachukua upepeo akaanza kupepea moto.

"Unapepea moto unaokunyima nafasi," Asnake akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimengoja miaka minne," akasema Fikirte. "Mimi najua kungoja. Geuza, unaungua."

Abba akaibariki kita, akaikata vipande kumi na vitatu. Kipande kimoja kiliachwa ndani ya ungo, mahali pa asiyekuwepo. Kisha Etiye Mintiwab akaita majina. Nipo, nipo, nipo, yakazunguka chumba.

"Yeshihareg."

Asnake alikuwa amejiandaa kutoa ile sauti ya fahali. Haikutoka. Neno "yupo" lilifika kooni likasimama pale, kwa sababu ghafla hakutaka kulisema kwa mdomo tu, na hakujua kama moyo umefika. Mkaa ukapasuka.

"Yuko njiani," akasema Etiye Mintiwab mwenyewe, akitafuna upande mweusi. "Mungu anaijua njia. Anayefuata."

*

Ule mkate wa siagi walipewa watoto. Wenye umri chini ya miaka saba hawana mfungo, na habari zilienea Amba Kidan haraka kuliko moto. Walikuja mpaka ambao umri wao ulikuwa na mashaka. Mastewal alipewa kipande cha kwanza, kikubwa kuliko uso wake.

Belaynesh akakata kingine akampelekea Asnake. "Wewe kula," akamwambia. "Wewe ndiye mtu mzima pekee hapa asiyefunga. Hata hujaionja."

Akakipokea. Kilikuwa bado na joto kidogo, na siagi ilimtiririka kwenye vidole. Miaka mitatu. Kila kitu kilikuwa mle, nyumba nzima ilivyokuwa, na kilikuwa sentimita chache tu kutoka mdomoni. Alikishika muda mrefu mpaka Belaynesh akaanza kuona aibu kwa kumtazama.

"Nimefunga," akasema, akamrudishia.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Zimebaki siku kumi na nne, si ndiyo?"

Belaynesh alikuwa na utani tayari, ulionekana kabisa usoni kwake. Akaumeza.

Jua likiwa bado juu alikibeba Kikombe kwenda nyumba ya zamu inayofuata, kina mama wakiimba nyuma yake. Walipopita kanisani walisimama kubusu nguzo, naye akabusu. Mikono ilikuwa imejaa, na mtu aliyebeba Kikombe hawezi kulumbana. "Asante kwa siagi," akanong'ona, hakupata lingine. Aliporudi peke yake, mikono mitupu, alisimama hapo tena. Hakuingia. Ila alivua viatu, kama wanavyofanya wanaoingia, akakaa nje ya lango bila viatu kwa muda, nyasi zikiwa baridi, kisha akavivaa akashuka.

Nyumbani kibao cha ukutani kilikuwa kitupu, na chumba kilionekana kikubwa. Chungu alikiziba upya kwa ngozi. Siagi ilikuwa imebaki nusu. Mastewal alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizokanyagwa, uso unang'aa hadi masikioni. Asnake akaleta bakuli la maji amnawishe. Mtoto akaficha mikono nyuma.

"Lete mikono."

"Mama ananukia hivi?"

Asnake akachuchumaa. Akamshika kifundo cha mkono, akaleta kile kiganja kidogo puani kwake, akavuta pumzi.

"Hivi hivi."

"Basi nitanawa kesho," akasema Mastewal.

Asnake akayamwaga maji nje.